Usafiripo kwa ndege, dawa zisitengane nawe

Kusafiri kwa ndege hadi ng'ambo si jambo geni tena kwa Wakenya. Wapo waendao masomoni, wapo waendao kufanya kazi katika nchi za Ghuba, wapo wafanyabiashara wafuatao bidhaa Dubai na Guangzhou, na wapo mahujaji waendao Makka. Siku hizi wamo pia wazee wetu, ambao hutumiwa tikiti na watoto wao walioko Marekani au Uingereza ili wakahudhurie mahafali au wakamwone mjukuu aliyezaliwa.

Matayarisho ya safari kama hiyo huchukua miezi. Viza hutafutwa, nguo hununuliwa, na sanduku hujazwa unga, majani chai, viungo na vyondo vya kuwapelekea wenyeji. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa hukumbukwa usiku wa mwisho. Mama mwenye kisukari au baba mwenye shinikizo la damu hukusanya tembe zake, akazifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuzitumbukiza ndani ya sanduku kubwa, katikati ya nguo. Kosa hili dogo laweza kumlaza mtu hospitalini katika nchi ya kigeni kabla hajapata nafasi ya kuwasalimia waliomwalika.

Wiki hii ningependa tuzungumzie namna ya kujitayarisha kwa safari ndefu ya ndege, hasa ikiwa wewe, au mzazi unayemsafirisha, hutumia dawa kila siku. Ukisahau mengine yote, likumbuke hili moja: kitu ambacho huwezi kuishi bila hicho kwa siku tatu, kisitengane nawe tangu nyumbani hadi ufikapo.

Kwa nini sanduku si mahali pa dawa

Sababu ya kwanza ni kwamba sanduku laweza kuchelewa au kupotea. Safari nyingi za kutoka Nairobi huwa na kituo cha kubadilisha ndege, kama vile Doha, Dubai, Addis Ababa, Istanbul au Amsterdam. Nafasi ya kubadilisha ikiwa fupi, abiria hukimbia akaiwahi ndege ya pili, lakini sanduku lake likabaki nyuma. Aghalabu hupatikana baada ya siku moja au mbili na kuletwa hadi nyumbani, na mtu akasahau. Mwili, hata hivyo, haungoji sanduku.

Kuna dawa ambazo haziachwi ghafla. Mgonjwa wa kifafa anayekosa tembe zake aweza kuanguka siku hiyo hiyo. Anayetumia dawa za jamii ya atenololi au propranololi kwa ajili ya moyo au shinikizo la damu, akiziacha kwa ghafla, mapigo ya moyo huongezeka na shinikizo likapanda kuliko hata awali. Anayemeza prednisoloni kwa muda mrefu aweza kuishiwa nguvu na kuzirai. Anayetegemea insulini hana hata siku moja ya kungoja. Vivyo hivyo dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV na zile za kuzuia damu kuganda, hazitaki kurukwa.

Nimewahi kumhudumia mama mmoja wa umri wa miaka 60 na kitu aliyekuwa ametoka kumtembelea binti yake ng'ambo. Sanduku lake lilibaki katika kituo cha kubadilisha ndege kwa siku tatu, na ndani yake mlikuwa na dawa zote za shinikizo la damu. Siku ya pili kichwa kilianza kumuuma na macho yakaingia giza, akapelekwa idara ya dharura. Alipona bila kudhurika, lakini gharama ya usiku mmoja hospitalini ilizidi bei ya tikiti ya kwenda na kurudi. Tembe zenyewe huuzwa hapa kwa shilingi chache tu.

Sababu ya pili ni baridi. Huko chini mizigo inakopakiwa, joto laweza kushuka sana ndege ikiwa angani. Insulini iliyoganda huharibika, na hata ikiyeyuka tena haifai kutumiwa. Chupa huweza kuonekana ya kawaida kwa macho, ilhali dawa haina nguvu. Juu pamoja nawe haitaharibika. Kwa kawaida insulini inayotumika hustahimili hali ya joto la chumbani, isiyozidi nyuzi 25 hadi 30, kwa majuma manne hivi.

Sababu ya tatu ni urefu wa safari yenyewe. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, ambayo ilianzishwa Oktoba 2018, huchukua karibu saa 15. Nairobi hadi London ni karibu saa tisa. Kwa wanaobadilisha ndege njiani, safari ya Marekani yaweza kuchukua zaidi ya siku nzima. Katika muda huo wote utahitaji kumeza dawa mara moja, mbili au tatu, na hakuna njia ya kulifikia sanduku.

Kuna jambo jingine ambalo wasafiri wengi hawalijui. Hata begi la mkononi huweza kuchukuliwa mlangoni. Ndege ikijaa, wahudumu huwaomba baadhi ya abiria watoe mabegi yao ili yapakiwe chini. Kwa hivyo usizitawanye dawa ndani ya begi hilo. Zitie zote katika kifuko kimoja kidogo, ambacho waweza kukichomoa kwa mara moja na kubaki nacho. Ndani ya ndege kiweke chini ya kiti kilicho mbele yako au mfukoni mwa kiti, si juu kwenye kabati ambako huwezi kukifikia mkanda ukiwa umefungwa.

Pakiti, bahasha na barua

Hapa kwetu duka la dawa hukupa tembe katika bahasha ndogo iliyoandikwa kwa kalamu "1x3". Wewe na mwuzaji mwaelewana. Afisa wa forodha wa nchi nyingine haelewi, naye ana haki ya kushuku tembe nyeupe zisizo na jina. Mwambie mwenye duka akupe dawa zikiwa katika pakiti au chupa zake za asili, zenye jina la dawa, nguvu yake na tarehe ya kuharibika. Usichanganye dawa mbili katika chupa moja ili kupunguza mzigo.

Mwombe daktari wako barua fupi iliyopigwa chapa, yenye jina lako kama lilivyo katika pasipoti, ugonjwa unaougua, na kila dawa unayotumia pamoja na kipimo chake. Ikiwa unabeba sindano, vipuliza vya pumu au kipima sukari, barua ivitaje. Fanya nakala mbili. Moja ikae pamoja na dawa, nyingine abaki nayo mtu wa nyumbani ambaye aweza kuituma kwa simu ikihitajika.

Muhimu sana ni kwamba barua itumie majina ya dawa yenyewe, si ya kibiashara, kwa sababu jina la kibiashara la hapa laweza kuwa halijulikani huko. Isitoshe, hata majina ya dawa hutofautiana. Parasetamoli tunayoijua sote huitwa asetaminofeni huko Marekani. Salbutamoli ya wenye pumu huitwa albuteroli. Glibenklamaidi ya kisukari huitwa glaiburaidi. Mzee akiomba parasetamoli katika duka la dawa la Boston, yamkini atajibiwa kuwa haipo, ilhali imejaa rafuni mbele yake.

Beba dawa za kutosha siku zote utakazokaa, na uongeze za juma moja kwa kuwa ndege huahirishwa. Kama utakaa miezi mingi, uliza mapema kiasi kinachoruhusiwa. Marekani, kwa mfano, kwa kawaida mgeni hutarajiwa asibebe zaidi ya dawa za siku 90 za matumizi yake mwenyewe.

Neno moja kwa wanaotumia dawa za HIV. Wengi huzihamisha kwenye chupa za vitamini ili zisionekane. Hilo ndilo hasa huleta mashaka, kwani tembe zisizolingana na maandishi ya chupa ndizo humfanya afisa aulize maswali. Marekani iliondoa marufuku ya wageni wenye HIV mnamo Januari 2010, na nchi nyingi hazimzuii mgeni wa matembezi. Baadhi ya nchi, zikiwemo za Ghuba, bado huwapima wanaotafuta kibali cha kukaa au kufanya kazi. Yafaa kujua msimamo wa nchi uendako kabla ya kununua tikiti, na kwa vyovyote vile usiache dawa nyumbani kwa ajili ya hofu.

Sheria za huko uendako

Dawa halali hapa yaweza kuwa haramu kwingine. Katika Milki za Kiarabu, ambako Dubai imo, dawa zenye kodeini, tramadoli na nyingi za kutuliza akili kama diazepamu huhesabiwa kuwa dawa za kudhibitiwa, na msafiri hupaswa kuomba kibali cha mamlaka za huko kabla ya kuondoka. Kodeini hupatikana katika baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kuibeba.

Miraa nayo isikuponze. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na Marekani na Milki za Kiarabu pia haziiruhusu. Dawa za mitishamba zilizosagwa na kufungwa katika karatasi ziache nyumbani, kwani unga usiojulikana haumfurahishi afisa yeyote.

Kuhusu vitu vya majimaji, tangu 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya aina hiyo, viwanja vingi hutaka kila chupa uingiayo nayo ndani ya ndege isizidi mililita 100, na zote zikae katika mfuko mmoja unaoonyesha, wa ujazo wa lita moja. Viwanja vichache vyenye mitambo mipya vimelegeza sharti hilo, lakini usitegemee. Dawa za majimaji na maziwa ya mtoto huruhusiwa hata zikizidi kipimo, mradi uvitoe na kuvitaja kwa maafisa kabla ya kukaguliwa.

Hewa ya ndani ya ndege

Ndege huruka juu sana, mahali ambapo binadamu hawezi kupumua. Kwa hivyo hewa husukumwa ndani, lakini haifikishwi kiwango cha pwani. Hali ya ndani ya ndege hulingana na kusimama juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Mkazi wa Nairobi, iliyo karibu mita 1,800, hatahisi tofauti kubwa, na wa Nyahururu yuko kwao. Lakini mtu wa Mombasa au Lamu huwa ni kama ametolewa ufuoni na kupandishwa Nyahururu kwa muda wa nusu saa.

Mwenye afya njema hana la kuhofia. Anayepaswa kumwona daktari kwanza ni yule ambaye tayari anapungukiwa na hewa au damu: mwenye moyo dhaifu, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na mwenye ugonjwa wa selimundu. Kipimo rahisi ni hiki. Ikiwa mtu hawezi kutembea mita 50 katika uwanja tambarare, au kupanda ngazi za ghorofa moja, bila kutweta, asipande ndege kabla ya kuchunguzwa.

Hewa iliyomo ndani ya mwili nayo hupanuka kwa kiasi cha robo au zaidi. Ndiyo sababu tumbo hujaa na masikio huziba. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo au kifua kwa kawaida hungoja siku 10 au zaidi, kwa ruhusa ya daktari wake. Aliyefungwa plasta ya mfupa uliovunjika hupaswa kungoja saa 48 kabla ya safari ndefu, kwani mguu au mkono huvimba ndani ya plasta.

Mashirika mengi ya ndege yana fomu maalumu ya kujazwa na daktari kwa abiria mgonjwa. Atakayehitaji oksijeni lazima aliarifu shirika siku kadhaa mapema, kwa kuwa mtungi wa kutoka nyumbani hautaruhusiwa. Mzee asiyeweza kutembea mwendo mrefu aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kununua tikiti. Huduma hiyo haitozwi pesa, na humwokoa mzee na mwendo mrefu katika viwanja vikubwa asivyovijua.

Hewa hiyo pia ni kavu. Unyevu wake aghalabu huwa chini ya asilimia 20, na hivyo midomo, pua na macho hukauka. Kunywa maji kidogo kidogo mara kwa mara, na upunguze pombe. Usiogope kunywa maji eti kwa sababu ya kwenda msalani. Kuinuka huko, kama tutakavyoona, ni dawa.

Miguu na damu kuganda

Mtu akikaa kitako kwa saa nyingi, damu hutulia katika mishipa ya miguuni. Kuvimba kidogo kwa vifundo vya miguu yote miwili ni jambo la kawaida, na huisha baada ya siku moja au mbili. Hatari ni pale damu inapoganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, kisha bonge likang'oka na kusafiri hadi mapafuni. Hapo mtu aweza kufa ghafla.

Usiingiwe na hofu isiyo na kipimo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa 2007 ulionyesha kuwa safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo karibu maradufu, lakini bado huwapata wachache, takriban mtu mmoja kati ya 6,000. Walio katika hatari zaidi ni waliowahi kuganda damu, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wagonjwa wa saratani, waja wazito na waliojifungua katika majuma sita yaliyopita, wanaotumia tembe za kupanga uzazi zenye oestrojeni, na watu wanene sana.

Kinga ni rahisi. Usijaze mizigo mahali pa kuweka miguu. Kila baada ya nusu saa, inua visigino huku vidole vikiwa chini, kisha inua vidole huku visigino vikiwa chini, mara 10 hivi. Kila saa moja au mbili, simama utembee hadi nyuma ya ndege na kurudi. Usimeze dawa ya usingizi itakayokufanya ulale saa nane bila kujigeuza.

Walio katika hatari zaidi wamwulize daktari kuhusu soksi maalumu za kubana, zifikazo chini ya goti. Soksi hizo hazimfai kila mtu. Mwenye kisukari ambaye damu haifiki vizuri miguuni aweza kudhurika nazo. Wapo wanaomeza aspirini kabla ya kupanda ndege kwa kusikia kwa jirani. Aspirini haishauriwi kwa kazi hii peke yake, na yaweza kutoa damu tumboni.

Ikiwa katika majuma ya kwanza baada ya safari mguu mmoja utavimba na kuuma, au ukapatwa na kichomi na kukosa pumzi, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kuwa umesafiri kwa ndege.

Saa zinapobadilika

Swali ambalo huulizwa sana ni hili: "Daktari, nitameza saa ngapi, za huku au za huko?" New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi. London iko nyuma kwa saa mbili au tatu. Guangzhou iko mbele kwa saa tano.

Kwa dawa zimezwazo mara moja kwa siku, njia nyepesi ni kufuata saa za Nairobi hadi ufike. Acha saa moja ya mkononi ikisoma saa za nyumbani. Tuseme wewe humeza tembe yako saa tatu usiku. Ukiwa New York wakati wa kiangazi, hiyo ni saa nane mchana. Meza saa nane mchana siku ya kwanza, kisha sogeza mbele kwa saa moja au mbili kila siku hadi ufikie wakati unaokufaa. Usimeze mara mbili kwa pamoja eti unafidia.

Insulini huhitaji uangalifu zaidi. Aendaye magharibi siku yake hurefuka, na huenda akahitaji kuongeza kipimo kidogo. Aendaye mashariki siku yake hufupika, na huenda akahitaji kupunguza. Mwone daktari wako majuma mawili kabla, ukiwa na ratiba ya safari, mpange pamoja kwenye karatasi. Ndani ya ndege usijidunge sindano ya chakula kwa kuwa umesikia harufu ya chakula. Ngoja hadi sahani iwe mbele yako, kwani ndege ikianza kutikisika, wahudumu huacha kugawa na kuketi.

Kuhusu uchovu na kukosa usingizi baada ya kufika, mwili huzoea kwa mwendo wa saa moja hivi kwa siku. Toka nje upate mwanga wa mchana, kula kwa saa za wenyeji, na ukilala mchana isizidi nusu saa.

Waja wazito na watoto

Mja mzito asiye na matatizo aweza kusafiri. Mashirika mengi hutaka barua ya daktari baada ya wiki 28, na hayampokei baada ya wiki 36, au wiki 32 akiwa na mapacha. Hesabu pia tarehe ya kurudi. Kadi ya kliniki ikae katika mkoba wa mkononi.

Mtoto mchanga ni vyema asisafiri kabla ya kutimiza angalau juma moja. Ndege inaposhuka, mpe titi au chupa ili kumeza kuzibue masikio yake. Mtu mzima naye ameze mate, atafune, au azibe pua na kupuliza polepole mdomo ukiwa umefungwa. Mwenye mafua makali ayatibu kwanza.

Chanjo na bima

Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ni sehemu ya vitu vya mkononi, pamoja na pasipoti. Nchi kama India huidai kwa atokaye Kenya. Chanjo hutolewa angalau siku 10 kabla ya kufika. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Mahujaji na wanaokwenda Umra huhitaji pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo pia ni siku 10 kabla ya kufika.

Nunua bima ya safari, na utaje magonjwa uliyo nayo. Ukiyaficha, kampuni yaweza kukataa kulipa. Kwa viza ya nchi za Schengen, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 ni sharti.

Ndani ya kifuko

Basi, usiku wa kabla ya safari, kifuko chako kidogo kiwe na vitu hivi:

1. Dawa zote za kila siku, katika pakiti zake. Waweza kuziweka za akiba kwenye sanduku, lakini zile za juma la kwanza, na insulini yote, zikae hapa.
2. Barua ya daktari, kadi ya manjano na karatasi ya bima.
3. Kipuliza cha pumu, ikiwa unacho, hata kama hujakitumia kwa miezi.
4. Kipima sukari, sindano, chupa ngumu ya plastiki ya kutupia sindano zilizotumika, na peremende au glukosi kwa wenye kisukari.
5. Tembe chache za maumivu na pakiti mbili za chumvi ya kurudisha maji mwilini.
6. Miwani, na betri za kifaa cha kusikia kwa wazee.
7. Namba za simu za wenyeji wako, zilizoandikwa kwenye karatasi. Simu huzimika.

Betri za akiba za kuchajia simu nazo ni za kubeba mkononi. Haziruhusiwi katika sanduku kwa sababu huweza kushika moto.

Mzee asiyejua Kiingereza vizuri aandikiwe karatasi ndogo ya kumwonyesha mhudumu: "Nina kisukari", au "Nina ugonjwa wa moyo", pamoja na majina ya dawa zake. Mfundishe pia kubonyeza kitufe cha kumwita mhudumu. Wazee wetu wengi huona aibu kusumbua, wakavumilia maumivu ya kifua saa nzima. Ndege huwa na oksijeni na vifaa vya huduma ya kwanza, lakini haviwezi kumsaidia aliyenyamaza.

Ukifika, ukashikwa na homa

La mwisho halibebwi mkononi. Mtu aweza kuondoka Kisumu au Kilifi akiwa na vijidudu vya malaria mwilini bila kujua, na homa ikamwanza juma moja au mawili baada ya kufika Minneapolis. Madaktari wa huko huona malaria mara chache, na waweza kudhani ni mafua makali. Ukipata homa katika miezi mitatu ya kwanza, nenda hospitalini siku hiyo na useme waziwazi: "Nimetoka Kenya, kuna malaria, naomba nipimwe damu." Mfundishe mzazi wako maneno hayo, na uwafundishe pia wale atakaofikia kwao.

Sanduku likichelewa, nguo zaweza kuazimwa na unga waweza kununuliwa. Dawa ya mtu haiazimwi. Kabla hujafunga mlango kuelekea uwanja wa ndege, gusa kifuko chako kama unavyogusa pasipoti. Safari njema.